Mgongo Hausemi Uongo

Kila asubuhi Zuleha alifika shuleni Pongwe mapema, akafuta vumbi kwenye dawati lake la mbele, akapanga madaftari na kusubiri kengele. Alikuwa darasa la sita, mfupi wa kimo na mwepesi wa maneno. Dawati lake lilikuwa la zamani, limechongwa majina ya watoto ambao sasa ni baba na mama za watu. Hata hivyo alilipenda. Alilipenda mpaka siku ile Shamsiya alipopewa jipya.

Shule ilipata madawati mapya machache, marefu, yaliyopakwa vanishi yakang'aa. Mwalimu Khadija, mwalimu wa darasa, alimwita Shamsiya, msichana mrefu kuliko wote darasani.

"Wewe utakaa hapa. Hili linakufaa," alisema.

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema mwalimu. Lakini masikio yenye wivu husikia yanayoyataka, na ya Zuleha yalisikia kwamba Shamsiya ndiye anayependwa. Moyo ulimchemka. Wao wawili ndio waliokuwa hodari wa insha, na mmoja tu angechaguliwa kwenda kuiwakilisha shule kwenye mashindano Tanga mjini. Zuleha aliitamani nafasi ile tangu alipokuwa darasa la tano.

"Amekwisha chaguliwa huyo," alijisemea. "Sisi wengine tunasindikiza tu."

Jumatatu alimwendea mwalimu, mkono mmoja kiunoni, uso ameukunja kama mtu aliyebeba gunia.

"Mwalimu, mgongo unaniuma. Dawati langu limechakaa, linanivunja mgongo."

"Pole sana. Tangu lini?"

"Tangu... tangu zamani, Mwalimu."

Madawati mapya yote yalikuwa na wenyewe. Mwalimu alikuwa bado anafikiri, Shamsiya akasimama. "Mpe langu, Mwalimu. Mimi nitakaa kwenye la kwake."

Zuleha alizidi kukasirika. Mtu akiwa mwema namna ile, hata kumchukia kunakuwa kazi.

Mwalimu Khadija aliwatazama wote wawili, mrefu na mfupi, akasita. "Haya, tujaribu kwa siku chache. Nitampigia bibi yako simu akukande."

Jioni ile Bibi Asmahani, aliyemlea Zuleha, alipasha mafuta ya nazi, akamlaza mjukuu wake kwenye mkeka. Kidole gumba kikapanda na kushuka.

"Panauma hapa?"

"Hapo hapo, bibi."

"Na hapa?"

"Hapo pia."

Bibi aliinua nyusi. Mgongo ulikuwa laini kama donge la maandazi lililoumuka. Akaufunika mkebe wa mafuta.

Sasa Zuleha akawa na dawati jipya, na dawati jipya likawa na Zuleha. Miguu haikufika chini, ilining'inia. Meza ilimfika kifuani, kwa hiyo kila alipotaka kuandika alilazimika kupandisha mabega mpaka karibu na masikio. Akichoka, alikunja mguu mmoja akaukalia na kuegemea upande. Kule mbele Shamsiya alikuwa amejikunja kwenye dawati fupi, magoti yamegusa ubao wa meza, shingo imeinama juu ya daftari. Zuleha alimwona vizuri. Alifurahi.

Furaha hiyo haikudumu. Siku zilivyopita alianza kusikia maumivu katikati ya mabega, kisha yakateremka mpaka kiunoni. Safari hii yalikuwa maumivu ya kweli. Lakini amwambie nani? Akisema dawati jipya linamuumiza, wataulizana la zamani lilikuwa na kosa gani. Akanyamaza na maumivu yake.

Siku ya jaribio la insha ilifika. Zuleha alianza vizuri. Alipofika ukurasa wa pili mabega yaliwaka moto na vidole vikafa ganzi. Aliweka kalamu chini. Alipoinua macho alimwona Shamsiya naye ameweka kalamu, anajisugua shingo. Wote wawili walitoa kazi ambazo hazikumalizika.

"Nyinyi ndio ninaowategemea, kulikoni?" aliuliza Mwalimu Khadija. "Mtaandika tena Alhamisi. Mkishindwa kumaliza, nitampeleka mwingine."

Jioni, bibi alimgusa mgongo tu, Zuleha akaruka. "Aa! Taratibu, bibi!"

Mkono wa bibi ukasimama. "Siku ile ulisema panauma, na palikuwa laini. Leo hukusema neno, na pamekaza kama kamba ya kisima. Mgongo hausemi uongo, Zuleha. Mdomo ndio unaosema."

Zuleha aliangua kilio. "Nilimwonea wivu Shamsiya, bibi. Nilitaka dawati lake."

"Umelipata. Limekusaidia nini?" Bibi alimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho ukamwambie mwalimu wako kwa mdomo huo huo. Mimi sikusemei."

Kisha akampa kimto kidogo cha usufi alichokishona mwenyewe. "Ukikaa, weka hiki nyuma ya kiuno. Na hiyo tabia ya kulala kifudifudi ukiandika kazi za shule, iishe leo."

Asubuhi, kabla ya kengele, Zuleha alisimama mbele ya mwalimu, na Shamsiya alikuwapo.

"Mwalimu, siku ile mgongo haukuwa unaniuma. Nilisema uongo. Sasa unaniuma kweli. Shamsiya, nisamehe."

"Kumbe!" Shamsiya alimaka. "Na shingo yangu hii nayo?" Hakuongea naye tena mpaka mapumziko, na ilikuwa haki yake.

Mwalimu Khadija hakuchukua fimbo. Aliwaita wanafunzi wote, akamkalisha Zuleha kwenye dawati jipya. Miguu ikaning'inia, darasa likacheka.

"Msicheke, tazameni," alisema. Akamhamishia kwenye la zamani. Nyayo zikakaa sakafuni, viwiko vikalala mezani bila mabega kupanda, mgongo ukaegemea. Akamrudisha Shamsiya kwenye lile refu, naye akanyooka, akashusha pumzi.

"Sikumpa Shamsiya dawati hili kwa kumpenda kuliko nyinyi. Nilimpa kwa sababu ya urefu wa miguu yake."

Tangu siku hiyo, ambaye miguu yake haikufika chini aliwekewa tofali la kukanyagia, na kila kipindi kilipokwisha wote walisimama wakajinyoosha. Mgongo wa Zuleha haukupona mara moja, lakini ulianza kulegea.

Alhamisi wote wawili waliandika mpaka mwisho. Aliyechaguliwa ni Shamsiya.

Kijicho kilimchoma Zuleha, tusidanganyane. Lakini asubuhi ya safari alitokea getini, kimto cha usufi kwapani, akamkabidhi Shamsiya.

"Huko mjini hujui utakuta kiti gani. Weka hiki kiunoni, na mabega usiyapandishe."

Shamsiya alikitazama kile kimto, kisha akamtazama Zuleha. "Na nikishinda?"

"Ukishinda nitaona wivu. Lakini kimto changu unirudishie."

Wakacheka wote, hata Mwalimu Khadija. Kisha mwalimu akamshika Zuleha bega.

"Mwili wa kila mtu una kipimo chake, mwanangu, na riziki ni hivyo hivyo. Ukikalia cha mwenzako kwa wivu, utamuumiza yeye na utajiumiza wewe. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Haya, nenda darasani."

Zuleha alirudi kwenye dawati lake la zamani, akakaa, nyayo zote mbili zikagusa sakafu.