Tanga Lililochanika kwa Mstari

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, boti ya Avis iliondoka kijiji cha Windward, kisiwani Carriacou, tanga likiwa limepunguzwa kwa kukunja na kufunga safu moja ya chini, kwa sababu ya upepo mkali. Binti yake Jenelle, mwenye miaka kumi na tatu, alisimamia kamba. Kimron, binamu yake Jenelle, alishika usukani, na jambo hilo lilimkera Jenelle: mmoja wao angeongoza boti hiyo katika mashindano ya Pasaka kisiwani Union, na Avis alikuwa bado hajaamua nani, ingawa asubuhi hiyo walikuwa wakienda huko kuandikisha nahodha.

Walipofika kwenye kinga ya kisiwa cha Petite Martinique upepo ulilegea. Avis alikuwa chini akipampu maji.

"Kunjueni tanga," aliamuru. "Jenelle, mpangilio unaujua."

Aliujua. Kamba fupi tano zinazofunga mkunjo hufunguliwa kwanza. Kamba nene ya pembe ya nyuma hufuata.

"Fanya upesi, bibi harusi," Kimron alimtania. "Au nije nikufungulie?"

"Shika usukani wako ufunge mdomo."

Kwa hasira aliifungua kamba nene kwanza. Mvuto wote wa tanga ukahamia kwenye zile kamba fupi, na kitambaa kikachanika.

Avis alipanda juu mbio. "Nani kafanya hivi?"

"Kimron," Jenelle alisema. "Kageuza boti ghafla."

"Sikugeuza popote, shangazi. Huyu ananisingizia."

"Toka hapo. Pasaka utakaa pwani uwapigie wenzako makofi."

Kimron aliuachia usukani akaenda mbele. Avis alishika usukani, akauchezesha kushoto na kulia akitafuta kilichoharibika. Wakati huo boti ilipita ncha ya kisiwa. Upepo ukarudi kwa nguvu, boti ikalala ubavu, na kila tundu la tanga likazidi kufunguka.

Avis aliinua macho. Matundu yalikuwa matano, kila moja mahali pa kamba fupi. Kamba fupi zote zilikuwa bado zimefungwa. Kamba nene ilikuwa ikining'inia.

"Upepo hauchani kwa mstari," alisema polepole. "Jenelle, ulifungua ipi kwanza?"

"Mama, huyu alikuwa ananidhihaki..."

"Nimeuliza kamba."

"Ile nene."

Avis hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kimron, rudi kwenye usukani. Ielekeze boti kwenye upepo. Wewe, shusha tanga hadi safu ya pili."

Safu ya pili ilikuwa juu ya matundu. Jenelle alifunga pembe ya mbele, kisha ya nyuma, na kamba fupi mwishoni. Sehemu iliyochanika ikakunjwa ndani, isipate mvuto. Boti ikainuka.

"Kukosea kamba nitakusamehe, mimi mwenyewe nimekosea nyingi," Avis alisema. "Lakini uongo wako umenipeleka kwenye usukani usio na kasoro wakati tanga linachanika. Nahodha huokoa boti kwa anachoambiwa. Ukimdanganya, umewazamisha wote, na wewe umo."

Jenelle alimgeukia binamu yake. "Nimekusingizia, Kimron."

"Najua," Kimron alijibu bila kumtazama. "Nilikuwepo."

Saa nne kasoro dakika kumi walitia nanga Union. Avis alikwenda kwenye meza ya mashindano na kuandikisha jina la nahodha: Kimron.