Watu Wanane Walirudi

"Mjomba, kwa nini tusiwaite watu kwa majina yao?"

Niliuliza hivyo mbele ya wageni wote, mkononi nimeshika ovaroli yenye namba saba mgongoni. Mjomba Jovnna aliendelea kumfungia mgeni mmoja mkanda wa kofia, kama vile nilikuwa nimekohoa tu.

Nikarudia kwa Kisami, lugha yetu, ili wageni wasielewe. "Hawa ni watu, au ni kulungu wetu wa kufugwa, wa kukatwa alama masikioni?"

"Aa, jaji wa chuo kafungua kikao," akasema Mjomba. "Risten, mwanangu, sikiliza. Ukiwa mlimani, namba. Ukifika Bondeni, namba. Moja mpaka nane, basi. Majina yaache hapa kambini yaote moto."

"Sababu?"

"Sababu nimesema."

Sababu nimesema! Mimi, msemaji wa kwanza wa timu ya mdahalo ya chuo chetu kule Tromsø, niliyewanyamazisha vijana wa Oslo ukumbi mzima, naambiwa sababu nimesema. Nikavuta zipu ya koti langu kwa hasira hadi ikanibana kidevu.

Ilikuwa Desemba, likizo. Huku kwetu, kaskazini kabisa mwa dunia, jua halichomozi majira hayo; tulikuwa hatujaliona kwa wiki tatu. Saa saba mchana kulikuwa na mwanga mdogo wa buluu, na kufikia saa nane hata huo ungekuwa umekwisha. Mjomba hupeleka wageni mlimani kwa pikipiki za theluji, lakini siku hiyo goti lake lilikuwa limevimba kama kibuyu. Basi safari ikawa yangu. Peke yangu, kwa mara ya kwanza.

Wageni wanane. Watano walitoka ofisi moja, na mkubwa wao kwa mwili na kwa kelele alikuwa Namba Mbili. Wawili walikuwa mume na mke, wazee, watu wa kimya. Na Namba Saba, msichana aliyekuja peke yake kutoka Uholanzi.

Katika wote, yeye ndiye pekee aliyeniuliza jina langu.

"Mimi Fenna," alisema. "Ni nesi. Nalea vichanga." Akanionyesha saa ndogo aliyoibandika kifuani, kichwa chini miguu juu, kama wanavyovaa manesi. "Hata likizo siwezi kuivua. Nikiivua najihisi uchi."

"Mimi nitakuita Fenna," nikamwambia. "Kwangu wewe si namba."

"Asante, Risten."

Kumbuka hilo. Nilimwahidi mwenyewe, kwa kiburi changu.

* * *

Sasa nikuambie habari za Bondeni.

Zamani, msichana wa kwetu akipata mimba isiyo na mwenyewe, alijifungua kwa siri. Kichanga kilipelekwa Bondeni, kikawekwa chini ya mawe. Baridi ilimaliza kazi. Hakikubatizwa. Hakikupewa jina. Na asiye na jina, bibi alisema, hapati usingizi. Hulia.

Bibi alinifundisha dawa yake nikiwa mdogo. Ukisikia kilio, usikimbie. Sema: *Kama u mwanamume, uwe Adamu. Kama u mwanamke, uwe Hawa.* Kitanyamaza. Nilicheka mpaka maziwa yakanitoka puani. Bibi hakucheka.

Mjomba alifanyaje na habari hiyo? Akaifanya maonyesho. Unawasimamisha wageni Bondeni. Unazima injini, unazima taa. Chini ya kiti cha kiongozi kuna kispika. Unabonyeza, kichanga kinalia. Wageni wanapiga mayowe, wanakumbatiana, halafu wanakunywa juisi ya moto ya matunda ya mlimani.

Niliwahi kusimama jukwaani kuipinga biashara ya namna hiyo. Nilisema wale ni watoto wetu, si vichekesho. Nilishangiliwa. Na sasa nilikuwa naelekea Bondeni na kispika chini ya makalio yangu.

* * *

Tulifika giza likishuka. Baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri. Nikazima injini. Moja baada ya nyingine, za wageni nazo zikazimika.

Kimya.

Nikasimulia kama nilivyofundishwa, kwa sauti ya kukariri. Kisha nikapeleka mkono chini ya kiti, nikabonyeza.

Hakuna.

Nikabonyeza tena. Baridi ilikuwa imeua betri. Nikatabasamu gizani. Vizuri, nikawaza, leo watoto wapumzike.

Ndipo nikasikia harufu. Maziwa yaliyochacha... na sufu iliyolowa.

Kisha kilio.

Chembamba. Kama kinapita kwenye tundu la sindano. Kinapanda kutoka chini ya mawe, kinakatika, kinavuta pumzi... kinapanda tena.

"Safi sana!" akasema Namba Mbili. "Ongeza sauti, dada! Wa nyuma hawasikii!"

Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimekichomoa kispika, nimekishika kiganjani. Hakikuwa na uhai wowote.

Namba Saba alishuka kwenye pikipiki yake.

"Risten," alinong'ona. "Huyo si wa kurekodiwa."

"Kaa hapo ulipo."

"Nawajua hawa. Ni wa siku moja. Hajanyonya kabisa." Akawasha taa ya kofia yake. "Nani ameacha mtoto hapa?"

Akaanza kuteremka. Taa ya kichwa chake ikawa inayumba, ikawa ndogo, ikawa nukta. Kilio kikawa kinamsogelea. Hakikungoja afike.

Nilijua maneno ya bibi. Yalikuwa mdomoni. Adamu, Hawa, maneno machache tu. Lakini mtu akiteremka gizani peke yake, utasema ngano au utamwita?

Nilimwita.

"Fenna!"

Bonde likarudisha: *Fenna...*

"Fenna! Rudi!"

*Fenna...*

"Fenna!"

Mara ya tatu bonde halikurudisha kitu. Na kilio kilikatika katikati ya pumzi, kama mtoto aliyetiwa titi mdomoni.

Ile nukta ya taa ikazimika.

Tulisubiri. Halafu... viatu kwenye theluji. Krr. Krr. Krr. Namba Saba akatokea gizani, kioo cha kofia kimeganda barafu. Akakaa kwenye pikipiki yake bila neno.

"Uko salama?"

Akatikisa kichwa juu, chini, polepole, kama anajaribu shingo mpya.

Nikahesabu. Wakaitikia mmoja mmoja. Moja! Mbili! Tatu, nne, tano. Sita!

Nikamngoja wa saba.

"Fenna," akasema wa saba.

"Nane!"

Na mimi nilifurahi. Naona aibu kuliandika, lakini nilifurahi. Nikawaza: unaona, Mjomba? Mtu anataka jina lake.

* * *

Kambini, ndani ya hema letu kubwa, moto ulikuwa unanguruma. Wote walivua kofia, wakasugua masikio, wakadai mchuzi wa kulungu. Namba Saba alikaa mlangoni, mbali na moto. Barafu ya mabegani mwake haikuyeyuka.

Nikamvua kofia mwenyewe.

Ilikuwa sura ya Fenna. Pua ile ile, baka lile lile dogo shavuni. Lakini macho... hayakushika kitu. Yaliteleza juu ya uso wangu, yakaenda kwenye moto, yakabaki hapo, yamekodolewa. Umewahi kumwona mtoto wa siku moja akiangalia taa?

Nilimpa juisi. Akaisukuma.

"Maziwa," akasema.

Nikampa maziwa. Akanywa bila kupumua, yakamchuruzika kidevuni, hakufuta.

"Fenna," akauambia moto. "Fenna. Fenna." Kama mtu anayemumunya peremende.

"Kachanganyikiwa na baridi," alisema Namba Mbili, mdomo umejaa. "Mpe kitu kikali kidogo."

Nilifungua zipu ya ovaroli yake. Saa ya kifuani haikuwepo.

Nikamvuta Mjomba nje.

"Yule si yeye," nikasema.

"Nani si nani?"

"Namba Saba. Alishuka Bondeni. Kulikuwa na kilio, Mjomba, na kispika kilikuwa kimekufa. Nikamwita..."

"Ulimwitaje?"

Nikavuta zipu ya koti langu juu, nikaishusha.

"Risten. Ulimwita kwa namba au kwa jina?"

"Jina."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Mjomba alikaa chini kwenye theluji. Hakutafuta kiti. Alikaa tu, na goti lake lile bovu, kama mzigo uliokatwa kamba.

"Wanatafuta jina," alisema taratibu. "Maisha yao yote ndiyo hayo. Bibi yako aliwapa ya Adamu na Hawa, majina ya waliokufa, wakalala. Wewe umempa mmoja wao la mtu aliye hai."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungecheka."

Ndiyo, ningecheka. Lakini nisikilize vizuri: mtu anayejua shimo liko wapi hana haki ya kunyamaza eti anaogopa kuchekwa. Tena awapeleke watu shimoni kila Jumanne na Ijumaa, na kispika juu! Nilimwambia hivyo, kwa kelele. Akakubali. Ndiyo mara pekee nimemshinda Mjomba kwa hoja.

"Tuite waokoaji," nikasema. "Fenna halisi bado yuko kule."

"Wamtafute nani? Wanane walitoka, wanane wamerudi."

Nikawasha pikipiki. Nilikuwa nimefika mbali niliposikia ya pili nyuma yangu. Mjomba, na goti lake.

* * *

Bondeni kulikuwa kimya. Tulizima injini.

"Fenna!" niliita.

Hakuna.

"Fenna, ni mimi! Risten!"

Kutoka chini ya mawe, sauti ya mwanamke mzima, ya adabu kabisa, ikauliza:

"Fenna ni nani?"

Nilishuka mbio nikianguka. Nikachimba kwa koleo, nikachimba kwa mikono mpaka glavu zikachanika. Ardhi ilikuwa chuma. Sauti ilikuwa chini yangu, hapa hapa, unene wa mkono mmoja tu.

"Namba saba," ilisema. "Mimi namba saba. Niko hapa. Nihesabuni."

"Tunakuhesabu! Tunakuja!"

"Nihesabuni... nihesabuni..."

Kila aliposema, sauti ilipungua miaka. Ikawa ya msichana wa shule. Ikawa ya mtoto anayejifunza kusema, akishindwa kutamka saba. Mwisho maneno yakaisha. Kikabaki kilio chembamba, kama kinapita kwenye tundu la sindano.

Mjomba alinishika bega.

"Mpe jina, alale."

"Ni mtu mzima! Ana jina!"

"Alikuwa nalo."

"Mpe wewe!"

"Si mimi niliyemwita, mwanangu."

Nilipiga magoti. Nimeshinda midahalo mingi, na maneno hayajawahi kunilemea. Siku hiyo yalikuwa mazito kama maiti.

"Kama u mwanamke," nikasema, "uwe Hawa."

Kikanyamaza.

* * *

Asubuhi wageni waliondoka kwa basi. Yule wa saba alikaa dirishani. Alinipungia mkono, akifumba na kufumbua kiganja, kama vichanga wanavyofundishwa kuaga.

Nilipiga simu polisi. Wakaniuliza jina la aliyepotea. Nikawatajia. Siku mbili baadaye wakampigia Uholanzi, na alipokea mwenyewe. Hajambo, walisema, kafika salama, anashukuru kwa safari nzuri. Wakaniuliza kama nalala vizuri siku hizi.

Juni, theluji ilipoyeyuka, tulirudi na Mjomba tukainua mawe. Hatukukuta mtu. Tulikuta saa ndogo ya nesi, imeshikana na jiwe. Kuvu la mwamba lilikuwa limekifunika kioo chote, lile la kijivu linalochukua miaka mia moja kukua upana wa kiganja.

Mjomba ameacha kupeleka wageni kule. Huenda peke yake, kusikiliza. Bibi alisema Bondeni wako wengi. Lakini Mjomba anasema kila baridi vilio vinapungua, na hajawapa jina hata mmoja.

Sasa wanakwenda wapi?

Mwezi uliopita niliona picha ya wodi moja ya wazazi huko Uholanzi. Manesi wamejipanga, wanatabasamu. Yule wa saba yuko katikati. Macho yake hayaangalii kamera, yanaangalia taa. Amebeba kichanga, na kichanga kimefungwa mguuni kitambulisho, kama wanavyofungwa wote ambao wazazi wao hawajaamua wawaiteje.

Kwenye kitambulisho kuna namba tu. Mtoto asiye na jina ni nyumba isiyo na mwenyewe, na yule nesi anawajua wenzake wa Bondeni wanaotafuta pa kuingia.

Sikuombi uniamini. Nakuomba kitu kimoja, na ni chepesi. Siku utakayojifungua, au mkeo akijifungua, mpe mtoto jina kabla hujamkabidhi kwa nesi.