Alama Mbele ya Hatua ya Tatu

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, Naeema alifagia tope lililoachwa na viatu vya watu mlangoni mwa chumba cha kompyuta cha Ahero. Kisha alifungua madirisha na daftari lililofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Humo kila aliyeigusa mashine kubwa aliandika kwa mkono wake alichofanya, na saa aliyokifanya. Sheria hiyo iliwekwa na Madam Emmaculate, aliyejifunza kompyuta peke yake, kwa mashine mbovu zilizotupwa na ofisi za wakubwa.

Mashine kubwa haikuwa ya michezo. Mzee Saleh, mwenye duka upande wa Awasi, alisoma kipimo cha maji ya mto na kutuma namba kwa simu. Maji yakizidi, mashine ilipeleka onyo kwa familia mia mbili za uwanda wa Kano. Wakubwa waliahidi kazi hiyo kila msimu wa kura. Wanakijiji walipochoka kungoja, waliifanya wenyewe.

Wiki hiyo mashine ilihitaji mfumo endeshi mpya, yaani ile programu kuu inayoongoza nyingine zote. Madam alipakua msimbo wake wote, yale maandishi yanayouunda, ili waujenge hapo hapo. Hatua zilikuwa nne: kujenga kiini cha mfumo, kukiweka, kujenga programu ndogo za kukitumikia, kutoka msimbo uleule, kisha kuziweka na kuwasha mashine upya. Hatua ya tatu peke yake ilikula saa tatu. Ijumaa jioni Madam alimwachia Naeema hatua mbili za mwisho, kwa sababu alikuwa amezifanya vizuri kwenye mashine ya mazoezi.

Lakini jioni hiyo binamu yake alikuwa akipakwa hina ya harusi. Naeema aliwasha mashine upya, akaona taa zinawaka, akatia alama ya vema mbele ya hatua zote mbili. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na taa zilimtosha.

Sasa, Jumamosi asubuhi, Madam alikuwa ameketi mbele ya skrini. Aliiagiza mashine ionyeshe kazi zinazoendelea. Ikajibu kwamba vipimo vya orodha havilingani, kana kwamba kiini na programu ndogo havielewani. Aliagiza tena, jibu likawa lilelile.

"Imekuwa kipofu," alisema. "Siwezi kujua kama programu ya onyo iko hai au imekufa."

Cliff, mwanafunzi mwenzake Naeema, alisema labda mashine nayo ilikwenda harusini. Hakuna aliyecheka. Nje, mawingu yalikuwa yamejaa upande wa milima.

Madam alilipekua daftari. Hatua ya tatu: vema. Basi kosa, alisema, lazima liwe kwenye msimbo wenyewe. Huenda uliharibika ukipakuliwa. Akaanza kuukagua faili kwa faili. Naeema alimtazama akitafuta mahali ambapo hapakuwa na kitu. Saa tatu ikapita. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akaufunga.

Saa nne simu ikalia. Mzee Saleh alisema maji yalikuwa yamepanda kwa mkono mzima tangu asubuhi. Madam alikata simu, akasema itabidi wapakue kila kitu upya, kazi ya siku nzima.

"Madam, usipakue," Naeema alisema. "Msimbo ni mzima. Hatua ya tatu sikuifanya."

Madam aliweka kidole kwenye daftari.

"Na hii alama?"

"Niliiandika tu, niwahi hina ya binamu."

Madam hakumgombeza. Alianzisha ujenzi wa programu ndogo papo hapo, akatoa orodha ya namba za simu, akaikata vipande vitatu. Kwa kuwa mashine haikuaminika, wangepiga simu kwa mikono yao. Naeema alipiga hadi sauti ikakauka. Wengine walimwuliza yeye ni mtoto wa nani hata awaambie wahame. Alijitaja jina, akarudia ujumbe.

Saa saba na nusu programu ndogo zilikuwa tayari. Waliziweka, wakaiwasha mashine upya, wakaagiza orodha. Safari hii ilitokea yote. Programu ya onyo haikuwamo. Ilikuwa imekufa tangu Ijumaa. Madam aliianzisha, na onyo likaenda kwa simu zote mia mbili.

Kabla ya magharibi maji yaliingia mashamba ya mpunga. Ng'ombe na watoto walikuwa wamekwisha kupelekwa kwenye mwinuko.

Ndipo Madam alipozungumza.

"Nikiwa na umri wako, nyathina, mwanangu, maji yalibeba nyumba yetu usiku. Tulikwenda ofisini kuuliza mbona hatukuambiwa. Karani akafungua faili, akatuonyesha: onyo limetolewa. Kulikuwa na alama ya vema. Sijaisahau alama ile, wala sitaisahau. Kuchoka si kosa, hata kutaka hina si kosa. Ungeandika 'bado', ningeimalizia mimi. Lakini uliandika kazi ambayo haikufanywa, na anayesoma daftari hana macho mengine. Leo umesema kweli ukichelewa saa mbili. Ungechelewa zaidi, tungehesabu watu."

Akamsogezea kalamu. Naeema alikata alama ya zamani, akaandika chini yake: *Ijumaa haikufanyika. Imefanyika leo, saa nne na robo hadi saa saba na nusu.* Akaweka jina lake, lote.