Mlima Katika Dirisha Jeusi

Asubuhi za mwezi wa Juni pale Engutoto, chini ya Mlima Meru, zina baridi ya kumfanya mtu achukie hata kunawa uso. Likizo ilikuwa imeanza, lakini Anneth aliamka mapema kama siku za shule. Alivaa sweta juu ya sweta, akawasha jiko la gesi na kubandika sufuria mbili: moja ya chai, nyingine ya maji ya mkono wa mama.

Kazi hiyo ya maji hakuna aliyemtuma. Alijizoesha mwenyewe tangu daktari alipomweleza mama yake kwamba mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono wa kulia umebanwa. Ni miaka mingi ya kuandika kwenye kibodi iliyomfikisha hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka salama?"

"Salama. Mkono umeamkaje?"

"Mkono haujaamka kabisa. Umejaa ganzi," mama alijibu, akautumbukiza kwenye beseni na kufumba macho.

Mama yake Anneth, Kandida, alikuwa mtaalamu wa kompyuta, na ofisi yake ilikuwa meza ya kulia chakula. Aliuhudumia mradi wa maji wa vijiji vya miteremko ya Meru. Kila alfajiri programu yake ilikusanya vipimo vya matangi na kuwatumia mafundi ujumbe, wajue tangi lipi limejaa na lipi linakauka. Sasa mradi ulikuwa umenunua seva mpya, yaani kompyuta kuu ya kutunzia vipimo hivyo. Vipimo vyote vilitakiwa vihamishwe kabla ya Jumamosi, siku ambayo seva ya zamani ingezimwa. Mama alishasikia minong'ono kwamba asipomaliza, kazi atapewa mtu mwingine mwenye mikono mizima.

Kazi yenyewe ilifanyika katika dirisha jeusi kwenye laptop yake. Humo hamna picha wala vitu vya kubofya. Unaandika amri kwa herufi, kompyuta inatii. Mwanzoni mwa kila mstari kulikuwa na alama ya kukaribisha, yaani jina la mama na alama ya dola kwa rangi ya kijivu, ya kuonyesha kwamba mashine iko tayari kupokea amri. Amri zilikuwa ndefu mno, ndiyo maana mama aliweka kiprogramu cha kukisia, alichokiita Mdokezi. Mama akiandika herufi mbili tatu, Mdokezi alimwonyesha maneno yaliyobaki kwa maandishi hafifu. Mama alibonyeza kitufe kimoja tu, kile cha Tab, na amri nzima ikajiandika.

"Bila Mdokezi," mama alipenda kusema, "mimi ningekuwa nauza ndizi sokoni Tengeru, na hata ndizi zenyewe nisingeweza kuzibeba."

Anneth alilipenda lile dirisha. Mama alimruhusu kujifunza humo kila alasiri, na tayari alijua kufungua mafaili na kuyahariri. Katika darasa la sita hakuna mwingine aliyeyajua hayo, naye hakuwa mtu wa kuficha kujivuna kwake.

Jumanne alasiri mama alikuwa amejilaza chumbani, mlango uko wazi. Twahira, rafiki yake Anneth wa nyumba ya pili, akaja na simu ya kaka yake Iqbal, aliyekuwa akisomea kompyuta chuoni.

"Hebu ona dirisha la Iqbal," Twahira alinong'ona.

Anneth aliangalia, akasahau kufunga mdomo. Badala ya alama ya kijivu, kulikuwa na mlima mdogo wa kijani, saa kwa rangi ya zambarau, na jina la mwenye kompyuta liking'aa.

"Hii inaitwa mandhari. Ni ya kupamba tu. Iqbal amenipa faili lake, limo humu kwenye simu."

Anneth alimtazama mama yake aliyelala na sweta, mkono umefungwa kitambaa. Siku nyingi hakuwa amemwona akitabasamu mbele ya ile mashine. Aliwaza kwamba akiamka na kuukuta Mlima Meru kwenye kazi yake, uchovu ungepungua hata kidogo. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo lisisahaulike.

Wakaliweka lile faili kwenye laptop. Kisha Anneth akafungua faili la mipangilio ya mama na kuongeza mstari mmoja mwishoni kabisa, wa kuiamuru kompyuta ipakie mandhari. Mlima ukatokea.

"Kali hiyo!" Twahira alisema.

Anneth alijaribu kuandika amri. Mdokezi hakuonyesha chochote. Akabonyeza Tab, na herufi alizokwisha kuandika zikajirudia, zikasogea kulia na kupandana. Akajaribu tena. Ikawa vilevile.

"Tumwamshe tumwambie," Twahira alisema.

"Wee! Atanikataza kugusa laptop."

"Afadhali akukataze. Mimi nitasema ni simu ya kwetu."

"Usiseme kitu. Naitengeneza mwenyewe."

Hapo ndipo alipoharibu zaidi. Wakati ule ule mama alijigeuza kitandani, na Anneth akaingiwa na hofu. Badala ya kuufuta ule mstari wake, akaingia ndani ya faili la mandhari na kubadilisha sura tu. Akaondoa mlima na saa, akaandika jina la mama na alama ya dola, akachagua rangi ya kijivu. Ukilitazama dirisha ungeapa kwamba halijaguswa. Chini ya ile sura, mandhari ilikuwa palepale na inaendelea kuvuruga.

Jioni mama alikaa mezani. Baada ya muda mfupi Anneth alimsikia akiguna.

"Yesu na Maria! Huyu Mdokezi ana nini leo?" Akaandika, akafuta, akaandika. "Anneth, kuna kitu umebadilisha humu?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama hakuuliza tena. Alimwamini, na hilo lilimchoma Anneth kuliko kama angegombezwa. "Basi ni yale masasisho ya programu yaliyoingia jana," mama alijisemea. Kwa aibu ya Anneth, moyo wake ulitulia aliposikia lawama imekwenda kwa masasisho.

Jumatano mama alimwondoa Mdokezi na kumweka upya. Bado Mdokezi hakudokeza. Akalifungua faili la mipangilio, lakini macho yaliyochoka huona yale yanayoyatafuta tu: yalitafuta mistari ya Mdokezi, yakaikuta haina kosa. Alama ya kukaribisha ilikuwa na sura ile ile ya siku zote, kwa hiyo hakuishuku. Alizima kiprogramu hiki, akawasha kile, akaanza upya. Chakula cha mchana kilipoa mezani pembeni ya kibodi.

Alhamisi alikata tamaa ya kutafuta, akaanza kuandika kila amri herufi kwa herufi. Alikuwa akiandika kidogo, anautikisa mkono, anaendelea. Alipokosea herufi moja, alianza mstari mzima upya. Mchana kifundo kilikuwa kimevimba. Jioni alishindwa kushika kikombe, chai ikamwagika, naye akaitazama tu inavyotiririka kutoka mezani hadi sakafuni. Anneth alipiga deki huku akilia kimyakimya. Mama alidhani analilia mkono.

"Usilie, utapona," mama alisema.

Maneno hayo yalimnyima Anneth usingizi. Kila alipotaka kusema, alikumbuka kwamba sasa hana kosa moja bali mawili, la kuharibu na la kudanganya, na la pili lilikuwa limekua kuliko la kwanza.

Ijumaa asubuhi simu ya mama ililia. Alikuwa Romanus, msimamizi wa mradi. Mama aliiweka mezani kwa sauti kubwa, kwa sababu hakuweza kuishika.

"Dada Kandida, pole na kazi. Tumefikia wapi?"

"Hata nusu sijafika, kaka Romanus. Kompyuta inanisumbua, na mkono ndio huo."

"Dada, sisemi kwa ubaya. Kuna kijana yuko mtaa wa Sokon One anaweza kuichukua kazi. Ikifika saa nane hujasogea, itabidi nimpigie. Vijiji haviwezi kukaa bila taarifa za maji."

"Naelewa," mama alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu, na macho yake yalikuwa yakitazama nje, upande wa mlima uliofunikwa na ukungu.

Anneth alisimama mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu. Aliliweka chini kabla halijamponyoka.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliweka mandhari kwenye dirisha lako. Jumanne. Nilitaka kukupa mlima. Mdokezi akaharibika, nikaogopa, nikaificha ili ionekane kama zamani. Ulivyoniuliza nikakudanganya." Aliyasema yote kwa pumzi moja, kwa kuogopa kwamba akipumzika hataendelea.

Anneth alisubiri kelele, hata kofi. Hakuna kilichokuja. Mama alipitisha mkono mzima usoni, toka kwenye paji hadi kidevuni.

"Siku zote hizi, Anneth," alisema taratibu. "Siku zote hizi nimekuwa nikitafuta." Kisha akasogea. "Leta kiti. Mimi nitasema, wewe utaandika."

Walifungua faili la mipangilio. Anneth akauonyesha mstari wake, kule chini kabisa.

"Usiufute. Weka alama ya reli, ile #, mwanzoni, kompyuta itauruka. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, tupate uhakika kwamba ndicho."

Anneth aliweka alama ile, akafunga dirisha na kulifungua tena. Akaandika herufi tatu. Maandishi hafifu yakatokea mbele yake. Akabonyeza Tab, na amri yote ikajipanga, bila herufi hata moja kujirudia. Kazi iliyomshinda mama siku kadhaa ilikuwa imekwisha kabla maji ya beseni hayajapoa.

Mama alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Halafu akampigia Romanus kumwambia asimpigie yule kijana.

Mchana kutwa walikaa bega kwa bega. Mama alitaja amri, Anneth aliandika mwanzo wake, Mdokezi akamalizia. Palipohitaji uamuzi mama alifikiri. Palipohitaji vidole Anneth aliandika. Jua lilipokaribia kuzama, seva mpya ilileta vipimo vya matangi yote. Romanus aliandika ujumbe mfupi tu, "Asante dada, vimefika." Mama aliusoma, akalaza kichwa juu ya meza, akasinzia hapo hapo. Kazi ilibaki kuwa yake, lakini uvimbe wa kifundo ulibaki pia. Daktari alimkanya asiguse kibodi mpaka uishe.

Jumapili, Anneth na mama yake walipotoka misa, Twahira alikuja.

"Shikamoo, mama Anneth. Na mimi nilikuwepo. Simu ilikuwa ya kwetu."

"Marahaba. Nimekwisha kuambiwa, na nimeambiwa pia kwamba wewe ulitaka kusema. Kaeni hapa wote wawili."

Aliwafungulia faili la mandhari. "Mnaona hizi alama za rangi? Kwenye kioo hazionekani, lakini zimeandikwa. Kompyuta huhesabu herufi za mwanzo wa mstari ili ijue wewe unaanzia wapi kuandika. Hizi zilitakiwa ziwekewe alama za kuiambia isizihesabu. Hazikuwekewa, ikazihesabu, ikadhani unaanzia mbali zaidi, ndipo ikarudia herufi mahali pasipo pake. La pili, mandhari yenu ilipakiwa baada ya Mdokezi, ikamnyang'anya kitufe chake. Mandhari itangulie, Mdokezi afuate."

Waliziwekea rangi alama zake, wakauondolea mstari wa mandhari ile alama ya reli na kuupandisha juu ya ule wa Mdokezi, wakarudisha mlima. Safari hii mlima ulikaa, na Mdokezi akadokeza.

"Kumbe vinaweza kuishi pamoja," Twahira alisema.

"Vinaweza. Ni mzuri huu mlima." Mama alimgeukia binti yake. "Anneth, chombo kikiharibika, swali la kwanza la fundi ni moja: nini kimebadilika? Nilikuuliza swali hilo, na jibu lake ulikuwa nalo wewe peke yako. Kuharibu si dhambi, hata mimi naharibu kila wiki. Lakini ulipoficha, uliniacha gizani nitafute kwa mkono mgonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ungeniambia Jumanne ile ile, mimi ningeona zawadi."

Anneth aliinamisha kichwa. Alikuwa ametegemea kunyimwa laptop, na hakunyimwa. Adhabu yake ilikuwa kuwa vidole vya mama mpaka mkono upone, likizo yote, na hakunung'unika hata siku moja.

Wiki ya pili, asubuhi yenye ukungu, mama alifungua dirisha jeusi na kukunja uso. Kabla hajasema neno, Anneth aliita kutoka jikoni.

"Mama, ni mimi! Nimeuwekea mlima theluji juu. Kama Mdokezi amegoma, mstari niliougusa ni ule wa tatu."

Mama aliandika herufi mbili kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Mdokezi akajibu.

"Hajagoma," mama alisema. "Ahsante kwa kuniambia kabla sijauliza. Sasa lete hayo maji, mkono wangu unaamka."