Diski ya Tano

Feni ilizunguka. Hilo peke yake lisingekuwa neno, maana kazi ya feni ni kuzunguka, lakini seva ile ilikuwa mezani imefunuliwa kifuniko tangu Jumatatu, na waya wake wa umeme ulikuwa kwenye droo. Bishara ndiye aliyeukunja kwa mikono yake mwenyewe. Feni ilizunguka polepole, raundi tatu, ikasimama.

"Mwalimu, umeona?"

Mramba hakuinua kichwa. "Upepo wa kiyoyozi huo. Endelea kukagua memori."

Bishara aliendelea, lakini pua yake ilikuwa imeshamwambia jambo jingine. Chumba cha seva hakikuwa na dirisha na sakafu yake ilipigwa deki kila asubuhi. Sasa kilinuka tope la mtoni, tope bichi lililokanyagwa na ng'ombe, harufu ambayo binti wa mfugaji haikosei hata akiwa usingizini.

Huo ulikuwa mwezi wake wa tatu wa kujifunza ufundi wa seva. Ofisi yenyewe iko Garsen, karibu na Mto Tana, nayo ilianzishwa na kamati ya wafugaji wa Kiorma na wakulima wa Kipokomo waliochoka kuzikana. Wazee wa pande zote mbili waliitwa mmoja mmoja, wakaeleza mbele ya kinasa sauti malka ziko wapi, yaani zile njia za mifugo kuteremka mtoni katikati ya mashamba. Sauti zote zilikaa ndani ya seva moja kubwa yenye diski sita. Ya Mzee Molu, baba yake Bishara, ilikuwa humo. Alisema kwa dakika arubaini na moja, na mwezi uliofuata akafa. Bishara aliposikia kamati inatafuta mtu wa kufundishwa kuitunza mashine hiyo, alikwenda kuomba siku hiyo hiyo. Watu walicheka, msichana wa Kiorma na vyuma vya kompyuta wapi na wapi. Aliwaacha wacheke mpaka wakachoka wenyewe.

Abdia, mama aliyefagia ofisi, alikuwa na maelezo yake kuhusu harufu ile, na aliyatoa kwa kunong'ona huku akichungulia nyuma.

"Hapa zamani ilikuwa maji, mwanangu. Mto ilipita hapa hapa. Mwenyewe alikaa kwa hiyo kona. Mto ikahama, yeye hakuhama."

"Mwenyewe nani?"

"Usinitajishe."

"Lakini majini si huogopa chuma, mama? Mle ndani ni chuma tupu."

Abdia aliokota ndoo yake. "Basi huyo hakuambiwa."

Mramba hakuwa na muda na habari za mto. Yeye alifundisha jambo moja kila siku, mpaka Bishara akawa analiota. "Hizi diski sita zinabebana. Ikifa moja, tano zinashikilia mzigo. Ikitoka ya pili kabla hujabadilisha ile ya kwanza, umezika kila kitu. Na mara nyingi anayezika si mashine, ni fundi. Anavuta ile nzima, anaacha ile mgonjwa. Kwa hivyo taa usiiamini. Soma namba kwenye skrini, soma namba kwenye diski, zikilingana ndipo uvute."

Alhamisi Mramba alisafiri kwenda Mombasa kutafuta vipuri vya ile seva ya mezani, ambayo ndiyo ingebeba nakala ya sauti zote. Mpaka ipone, nakala haikuwepo. Na Jumatatu inayokuja wazee walikuwa wakutane kijijini Wema. Mtu mmoja alikuwa amezungusha uzio katikati ya malka, na ushahidi pekee uliokubaliwa na pande zote mbili ulikuwa ule wa Mzee Molu. Ukipotea, kila mtu angesema lake, na watu wa Tana wanajua nini hufuata hapo.

Ijumaa, wanaume wameshakwenda msikitini, mashine ilianza kulia. Skrini ya mapokezi ilionyesha diski ya pili imekufa, namba yake ikiishia na 7714. Bishara alimpigia Mramba.

"Diski ya akiba iko droo ya chini," Mramba alisema, kelele za stendi nyuma yake. "Ibadilishe sasa hivi. Usiningoje."

"Peke yangu?"

"Miezi mitatu nilikuwa nafundisha ukuta?" Simu ikakatika.

Abdia alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha seva, fagio kifuani. "Usiingie saa hii. Jua iko utosini. Hii ndio saa yao."

"Na hii ndiyo saa ya kazi," Bishara alisema. Aliingia, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu kama unavyojifunga siku zote.

Alivaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme mwilini, akafungua kabati la seva, akapiga magoti. Diski ya pili ilikuwa na taa ya kijani, imetulia. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka kwenye diski ya tano.

Harufu ya tope ilikuja kwanza, nzito, ikafuatiwa na baridi ambayo haikutoka kwenye kiyoyozi kwa sababu ilipanda kutoka chini, ikampitia nyayoni na kwenye magoti, na ndani ya mvumo wa feni akaanza kusikia kwato, si za ng'ombe mmoja bali za kundi zima linaloteremka ukingoni, zikikaribia mpaka zikasimama nyuma ya mgongo wake, na katikati ya kimya kile mtu akakohoa kikohozi anachokijua.

"Bishara."

Alikuwa baba yake. Ile ile sauti ya mtu aliyepotewa na meno mawili ya mbele.

"Bishara, vuta hii ya tano. Hii ya tano nakufa. Mimi naona."

Machozi yalimtoka bila kuuliza ruhusa. Alikuwa amemkumbuka baba yake kila siku kwa miezi kumi na minne, na sasa alikuwa hapo, kwa umbali wa mkono, akimwelekeza kazi. Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe kwenye kishikio cha diski ya tano, kikakifyatua, na alikuwa ameshaanza kuivuta alipong'amua jambo. Baba yake alikuwa akimsemesha Kiswahili.

Mzee Molu, tangu amzae Bishara mpaka siku alipofumba macho, hakuwahi kumwambia neno hata moja kwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa cha mnadani na cha kwa chifu. Mbele ya kinasa sauti alikisema, tena kwa jasho, kwa sababu wakulima walikuwepo na alitaka wamsikie kwa masikio yao. Nyumbani kwake kilikuwa ni Kiorma tu.

Bishara hakugeuka. Aliuliza kwa Kiorma, polepole, kila neno mahali pake: "Baba, yule ng'ombe niliyepewa siku kitovu changu kilipokatwa, jina lake nani?"

Feni zote zilisimama kwa pamoja.

"Bishara," sauti ikasema, kwa kikohozi kile kile, kwa kituo kile kile. "Bishara, vuta hii ya tano."

Hapo hasira ilimpanda ikaipita hofu. "Mwizi!" alisema. "Hiyo sauti umeiokota humu humu kabatini! Wewe unajua dakika arubaini na moja za baba yangu. Mimi nina miaka ishirini na mbili. Nani atamdanganya nani?"

Akakirudisha kishikio cha diski ya tano mpaka kikalia. Taa zote sita zikageuka nyekundu, feni zikalipuka kwa kasi mpaka kabati likatikisika, maji ya tope yakamfika kiunoni ingawa alipotazama chini sakafu ilikuwa kavu, na kile kilichokuwa nyuma yake kikainama, akahisi pumzi yenye majani yaliyocheuliwa ikimpita sikioni huku ikimwita kwa sauti ya baba yake, kisha kwa sauti ya mzee mwingine aliyeshuhudia, kisha mwingine, Waorma na Wapokomo, wazima na waliokufa, wote wakimwamuru kwa Kiswahili avute hii, avute ile, na yeye akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa chuma, akasoma vibandiko vya diski kimoja kimoja kwa sauti ya juu, namba kwa namba, kama mtoto wa madrasa, mpaka akaifikia inayoishia na 7714. Ilikuwa ya pili. Aliivuta. Akatia mpya, ikaingia mpaka ikalia.

Kuijaza upya diski huchukua saa nne, na katika saa hizo nne hakuna nyingine inayoruhusiwa kuguswa. Bishara alichukua utepe mweusi akaziziba taa zote sita, zisiwe na la kumwambia. Kisha akaketi, mgongo kwenye kabati, akasoma Ayatul Kursi, na alipoimaliza akaongeza maneno yake mwenyewe, ambayo mama yake asingependa kuyasikia.

Baada ya alasiri, saa nne zikikaribia kwisha, mlango uligongwa. Mzee Diba, mkuu wa ofisi, alikuwa ameambiwa kila kitu na Abdia, naye hakupoteza wakati. Alikuwa amesimama na Bi Nuriya wa Kipini, mganga mwenye jina mpaka Lamu, chetezo mkononi, udi unafuka.

Bishara alinyoosha mkono akaziba njia. "Moshi hauingii humu. Utaziua mashine."

"Msichana!" Mzee Diba alinong'ona. "Unamzuia mganga?"

"Namzuia moshi, Mzee. Yeye mwenyewe karibu."

Bi Nuriya alimtazama kutoka juu hadi chini, akacheka, akampa Abdia chetezo. "Sawa, mwanangu. Weye una miiko yako, nami nina yangu. Yeo tutasoma hapa mlangoni."

Alisoma akiwa amesimama, bila kupumzika, na kwenye aya fulani kitu kilipita katikati yao kuelekea uani, kizito na cha baridi, kikaacha ushungi wa Abdia umelowa. Abdia alikaa chini palepale. Harufu ya tope ilitoka chumbani, na skrini ya mapokezi ikaonyesha diski zote sita nzima.

Jumamosi Bishara alimsikiliza baba yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Dakika arubaini na moja, hakuna neno lililopungua. Alilia kidogo, akahamisha nakala kwenye kompyuta ndogo ya kubeba.

Wema, Jumatatu, watu walijaa uwanja wa shule. Mzee Molu alisema kutoka kwenye spika, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Ngombe yetu napita hapa toka babu ya mimi, na shamba ya Mpokomo iko hapa toka babu yake. Sisi nakaa." Watu walitikisa vichwa. Mwenye uzio alisimama, akasema mbele ya wote kwamba ataung'oa. Bishara alisimama kando ya spika na kifua kimemjaa, akitamani baba yake angeuona uso wa yule bwana.

Dakika arubaini na moja zilitimia. Sauti ilikuwa iishie hapo. Haikuishia. Kwenye skrini sekunde ziliendelea kuongezeka, kisha kikaja kikohozi, na Mzee Molu akasema kwa Kiorma, polepole, kila neno mahali pake: "Yule ng'ombe niliyepewa siku kitovu changu kilipokatwa, jina lake nani?"

Wakulima waligeuziana macho. Waorma walitabasamu, wakidhani ni utani wa marehemu. Bishara aliyatambua maneno hayo: yalikuwa yake mwenyewe, aliyoyasema mbele ya kabati Ijumaa. Lile jini la kabatini lilikuwa limemfuata, limeshajifunza hayo, na sasa lilitaka jibu, ili siku nyingine lisitambulike. Adan, mdogo wake Mzee Molu, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Yeye ndiye aliyemfungia ng'ombe huyo kamba siku Bishara alipozaliwa, na alidhani ndugu yake anamsemea binti. Alisimama, macho yamemlowa kwa furaha ya kumsikia ndugu yake, akafungua kinywa ajibu.

Binti hamgusi mzee uso, hata wa nyumbani, seuze mbele ya vijiji viwili. Bishara aliruka benchi, akamfumba mdomo baba yake mdogo kwa kiganja chake, akabana.

"Hilo jina halipati," alisema, na huku uwanja mzima ukimpigia kelele, hakuondoa mkono mpaka mtu alipoizima spika.