Jina Alilolikubali Stellah

Unywele wa kwanza Debora aliukuta kwenye ugali, siku ya pili tangu mumewe arudi kutoka Japani. Aliuvuta ukaja, akauvuta tena ukaja, mrefu kuliko mkono wake, mweusi, una utelezi. Alikimbilia nje kutapika. Katika nyumba ile ya Makoko hapakuwa na mwenye nywele za namna hiyo: yeye alikuwa amenyoa kwa msiba wa baba yake, mama mkwe wake Wegesa hakuwahi kufuga nywele, na mtoto wao Stellah, wa miezi mitatu, alikuwa na vinyweleo tu. Mumewe, Magesa, alisema ni uchafu wa mashineni, akaendelea kula. Mwanaume huyo hakuwa na kinyaa, na hilo ndilo lililowaponza.

Kule Japani alikaa miezi minne akisomea ukaushaji wa samaki. Jumapili wenzake walikwenda kutazama milima na maua. Yeye alitafuta vituko. Alikwenda kwenye jumba la minyoo iliyotolewa matumboni mwa watu, akapigwa picha kando ya tegu mrefu kuliko mtumbwi, na picha hiyo akamwonyesha mama yake wakiwa wanakula sato. Alikwenda kwenye kijiji chenye midoli ya matambara mingi kuliko watu, mingine imekalishwa kituoni kusubiri basi. Mwisho alifika kwenye hekalu ambako watu hupeleka midoli yao ya zamani, kwa kuwa wanaogopa kuitupa. Hupangwa safu kwa safu, iombewe, kisha ichomwe. Mgeni anaruhusiwa kuangalia tu. Magesa aliiba mmoja ambao haujaombewa, wenye nywele za mtu, akauficha kwenye begi katikati ya soksi chafu. Chini ya mguu paliandikwa jina, na rafiki yake wa kule akamsomea: Mitsu.

Hiyo ndiyo zawadi aliyomletea mwanawe. Siku mdoli ulipowekwa juu ya kabati, Stellah aliacha kunyonya. Hospitali walimpima, wakasema mtoto ni mzima, wamrudishe asipobadilika.

Wegesa, aliyekuja kutoka Nyamuswa kulea mjukuu, hakuona ajabu. Stellah lilikuwa jina la kliniki. Jina la ukoo lilimsubiri baba yake. Bibi alisema mtoto analilia jina. Asubuhi ya Jumamosi wakakaa chumbani kama desturi ilivyo: mama ampakate mtoto, amwekee titi mdomoni, bibi ataje marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina litakalomfanya mtoto anyonye ndilo lake. Wegesa akataja Wankyo, akataja Rhobi, akataja mashangazi waliokufa kabla Magesa hajazaliwa. Mtoto akageuza uso kila mara.

Magesa alishachoka. Akacheka, akasema labda anamtaka Mitsu.

Mtoto akanyonya.

Mzaha mzaha, hutumbua usaha. Wegesa alishika kichwa, akauliza kwa sauti ya chini, "Magesa, huyo uliyemuita alifia wapi?"

Mtoto alinona haraka, mashavu yakajaa, na Debora akashukuru Mungu mpaka alipofungua nepi akakuta choo kimefungamana na nywele, akalazimika kuvuta kwa vidole huku mtoto akimtazama bila kulia. Nywele zikawa kwenye maji ya kuoga, kwenye uji, kwenye mswaki, na adhuhuri, jua likiwa kali na majirani wakianika dagaa, wa nyumbani walisikia juu ya kabati kitana kikipita polepole, kikikwama, kikipita tena, na chumba kizima kikanuka kichwa kisichooshwa, harufu nzito ya mafuta yaliyochacha iliyokaa kooni hata mtu akitoka nje, hata akinywa maji, hata akila.

Ndipo akaitwa Mama Kwangu wa Bugwema, anayetoa majini kwa maombi na kwa mizizi ambayo mchungaji wake haijui. Aliuchana tumbo ule mdoli kwa wembe. Ndani palikuwa na maziwa yaliyoganda, ya manjano, yenye funza wanaochezacheza. Debora aliyatambua kwa harufu, yalikuwa yake. Mama Kwangu akauchoma mdoli uani, akaomba mpaka jasho likamtoka, kisha akawaita pembeni.

"Kwenye mdoli ametoka," alinong'ona. "Kwenye jina hajatoka. Msimuite tena hilo jina. Atasusa, mumuache asuse, na bibi amtajie watu wenu. Njaa ikimshinda atapokea wa kwenu."

"Na isipomshinda?" Debora aliuliza.

Mama Kwangu alifunga mkoba wake.

Siku ya kwanza Stellah alilia. Siku ya pili alilia bila machozi, na utosi ukabonyea. Debora alitaka kumrudisha hospitali. Magesa akasema wangoje hadi jioni. Maziwa ya kijiko yalimwagikia shingoni, na Wegesa, sauti imekauka, akarudia wafu wote wa ukoo tangu mwanzo, na walipokwisha akataja hata wale waliofukuzwa, hata mchawi mmoja ambaye jina lake halikuwahi kutajwa katika nyumba ile, na mtoto akawa anahema tu, midomo imepasuka, amegeuzia uso ukutani.

Debora alimtazama mama mkwe wake.

"Mama, unisamehe," alisema taratibu. "Wa kwenu wameitwa, hawajaja. Mimi siwezi kuzika."

Wegesa alifumba macho. Hakumzuia.

Debora akainama sikioni mwa mtoto, akasema, "Mitsu. Njoo unyonye."

Mtoto akageuka. Akalishika titi kwa mikono miwili kama mtu mzima anavyoshika bakuli, akavuta, na Debora akahisi ndani ya titi, kuanzia kwapani, kitu chembamba kikianza kuja, kirefu, kinateleza, hakina mwisho.

Hakumtoa.