Rafu ya Raya Iligeuka Kijani

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka arobaini na mbili, mkaazi wa Jadida hapa Wete, Pemba. Naandika haya moyo wangu ukiwa bado mbichi... Wengine mtanicheka mkisikia kuwa kilichonivunja ni ukurasa wa rangi kwenye simu. Chekeni tu, lakini nisomeni mpaka mwisho.

Marehemu mume wangu, Hamad, alikuwa na duka la nguo yeye na mdogo wake, Faki. Tukiuza kanga, mabuibui na vitambaa vya maharusi. Upande wa wanawake ulikuwa wangu, maana mwanamke gani atamtajia mwanamume vipimo vya kifua chake?

Siku moja nikaenda Chake Chake kwenye mafunzo ya wajasiriamali, na huko nikafundishwa dashibodi. Ni ukurasa mmoja tu unaokusanya mauzo yote ya duka na kukuonesha kwa rangi. Bidhaa inayotoka ni kijani, inayosuasua ni njano, iliyolala ni nyekundu. Ukiitazama unajua ulete nini tena na uache nini. Nilirudi Wete nimevimba kichwa kama niliyetoka kusoma Ulaya!

Hamad alikubali siku ile ile. Faki ndiye alikuwa mgumu, nikakaa naye jioni baada ya jioni mpaka akaelewa. Nilikuwa nikimwambia, "Shemeji, usinunue kwa kuhisi, tazama rangi." Na wallahi ilitufaa! Tuliacha kurundika mashuka yasiyotakiwa, na tukajua mapema vitambaa gani viletwe kabla ya Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishakwisha na harusi zinapoanza kufuatana.

Sasa nikuelezeni kuhusu rafu ya juu. Mungu alituruzuku mtoto mmoja tu, Raya. Tangu akiwa mdogo, baba yake alianza kumwekea vitu vya harusi yake. Leo doti ya kanga, mwakani kitambaa cha hariri ya zambarau, kila kimoja amekichagua kwa mkono wake. Hakutaka kuviweka nyumbani, Raya angevifukua. Akavipanga dukani, rafu ya juu kabisa. Na kwa kuwa Hamad alikuwa mtu aliyenyooka, kila kilichopita mlango wa duka alikiingiza kwenye simu, hata cha mwanawe.

Kwa hiyo rafu ile ilikuwa nyekundu siku zote. Hamad akiiona alicheka, "Hiyo iacheni, hiyo ni nyekundu yetu." Sote watatu tulijua. Faki mwenyewe aliwahi kupanda ngazi kuipangusa vumbi.

Kisha Hamad akaondoka... Alianguka mara tu baada ya sala ya Alasiri, presha, na hakuamka tena. Sitaki kusema mengi juu ya siku hiyo.

Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Nguo nyeupe, chumba, na simu yangu. Faki si maharimu wangu, sheria inamruhusu kunioa, kwa hiyo neno lolote kwenda kwake lilipitia kwa mama mkwe, Bi Time.

Wanawake walikuja kunihani makundi kwa makundi, wateja wangu wote. Lakini hakuna aliyenunua kitu dukani. Nani atoke kumpa mkono mjane, kisha apite dukani kwake akachague kitambaa cha harusi? Walikuwa wakinisubiri nitoke eda. Huo ndio utu wetu sisi. Lakini dashibodi inajua nini juu ya matanga? Nikawa natazama kwenye simu upande wangu wote unageuka njano, halafu nyekundu.

Nikaingiwa na hofu. Nikamwomba mama mkwe amwambie Faki asiiguse rafu ya Raya.

"Mwanangu," Bi Time akasema, "ntu hata udongo haujankauka, we ushaanza kuuliza duka? Watu wakisikia watasemaje?"

Niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nilimwandikia Faki ujumbe kwenye simu, nikaufuta. Nikaandika tena, nikafuta tena... Nikajiambia, Faki ni damu yake Hamad, ataikumbuka tu.

Asubuhi moja nikafungua dashibodi, na ukurasa mzima ulikuwa kijani. Kijani kitupu! Mfanyabiashara mwingine angeshukuru Mungu. Mimi nilikaa chini kwenye mkeka nikalia. Rafu ya Raya haikuwa nyekundu tena kwa sababu haikuwepo.

Nilipotoka eda, nilikwenda dukani moja kwa moja. Upande wangu umejaa spika na makava ya simu. Faki alinipokea kwa adabu, akanivutia kiti. Akanieleza kwamba nguo zote zilizolala alizitoa kwa jumla kwa mfanyabiashara mmoja wa Chake.

"Na za Raya?" nikamuuliza.

Akainama. "Shemeji, mie n'litazama rangi. Si ndivyo ulivyonfunza?"

Mpaka leo sijui kama alisahau, au alikumbuka na akaona rangi ina haki kuliko kaka yake. Alisema atamnunulia Raya vitu vingine. Vingine vya nani? Hamad atafufuka avichague?

Wiki ile ile wateja wangu wakaanza kuja kuniulizia, mmoja mmoja, kama nilivyojua watakuja. Walikuta spika, wakaaga, wakaenda duka jingine.

Nilimfuata yule mfanyabiashara Chake. Alinihurumia, masikini, lakini mali ilikwisha kutawanyika. Baadaye nikaalikwa harusi Pujini, na mbele yangu akakaa mwanamke aliyevaa hariri ya zambarau. Niliijua palepale... Nililia mbele za watu. Wenzangu walinishika mabega wakaniambia nistahamili, wakidhani namlilia mume wangu. Na kweli nilikuwa namlilia yeye.

Ndugu zangu, sikatai dashibodi. Ni kitu kizuri, na wenye maduka nawashauri waitumie. Lakini itakwambia mteja hakuja, haitakwambia kwa nini hakuja. Ukimfundisha mtu kusoma rangi, mfundishe na kuuliza, la sivyo umempa kisu kisicho na mpini. Na kitu kisichouzwa msikichanganye na vya kuuza, hata kama nyote mnajua ni cha nani. Anayejua anaweza kufa kesho.

Na wewe mjane mwenzangu, eda imekufunga mlango, haikukufunga mdomo. Haki ya mwanao isemee hata nyuma ya pazia, na wanaotaka kusema waseme! Mimi niliogopa maneno ya watu, na hao watu hakuna hata mmoja aliyenirudishia doti moja.

Raya ameposwa sasa. Juzi tukichambua mchele aliniuliza kama baba yake aliwahi hata siku moja kuifikiria harusi yake. Ningesema ndiyo, angeniuliza viko wapi alivyomwekea; nikamwambia nakwenda kutazama chungu jikoni, na sikurudi. Nakuombeni kwa Mungu, msijifikishe mahali ambapo mtoto wenu atakuulizeni swali kama lile na mkashindwa kumtazama usoni.